Mgeni Asiye na Jiko

Mwenyekiti Gwakisa alikuwa mtu mwema, na wema wake ndio uliotaka kuumaliza mji wa Ikowelo. Watu wabaya tunawajua na milango tunawafungia. Huyu alipewa funguo.

Subilaga, mtunza virusi wa mji, alikuwa ametoka kumzika shangazi yake ng'ambo ya bonde. Alianza kuisikia harufu akiwa bado uani. Supu. Tena supu ya maana, ya mifupa ya ng'ombe, yenye tangawizi na ndimu. Sasa supu inatafuta nini kwenye ghala la virusi? Akasukuma mlango. Mwenyekiti alikuwa amesimama katikati ya chumba, aproni imembana tumboni, upawa mkononi, uso umemng'aa kama bwana arusi.

"Karibu, Mama Bupe, pole sana na msiba! Watu wako usiwe na wasiwasi nao. Nimewalea. Tangu waje hapa hawajawahi kula hivi."

"Kula?" Subilaga aliweka mkoba chini polepole. "Mwenyekiti, nilikuomba uangalie umeme wa jokofu tu."

"Umeme nimeangalia. Lakini nikajiuliza, vijidudu hawa wanatuponya sisi wote, wanakaa humu kwenye baridi, na sijaona hata siku moja mtu akiwaletea chakula. Jamani! Kiumbe gani hali? Nikamwambia mke wangu, leo tunatoa mfupa." Akaonyesha mezani, ambako chupa zote zilikuwa zimepangwa mstari, zimejaa hadi shingoni maji ya rangi ya kahawia. "Upawa kwa upawa, sawasawa, asije mmoja akasema amebaguliwa."

"Zote? Hata za akiba zilizokuwa kule chini?"

"Hizo ndizo nilizianza. Niliwaonea huruma, wamekaa gizani."

Subilaga aliinua chupa moja, akaichungulia. Akauliza swali lililobaki, huku akiomba Mungu jibu liwe jingine.

"Ilikuwa ya moto?"

Mwenyekiti alishtuka kama aliyetukanwa. "Mama Bupe! Mimi Gwakisa nimpe mgeni supu baridi? Unanionaje? Ilikuwa inatokota!"

Loo! Ungekuwa wewe ungesema nini? Subilaga alivaa glavu, akachukua chupa ya kwanza, akaimimina kwenye kichungi. Kichungi kile kilikuwa na matundu madogo kiasi kwamba bakteria, ambaye jicho haliwezi kumwona, hapiti. Anakwama juu kama jiwe kwenye chekeche. Kirusi ni kidogo zaidi ya hapo, kwa hiyo kinateremka na maji. Makombo yote ya supu na bakteria waliokwishaanza kuifurahia yalibaki juu, na chini yakatona maji safi.

"Aa, kumbe si kitu," Mwenyekiti alisema. "Umewachuja, wako chini."

"Wako chini, ndiyo. Sasa tuone kama wanajiweza."

Alitoa sahani ya kioo yenye bakteria wa taifodi, wametanda juu ya uji mzito kama zulia jeupe, akadondosha tone la yale maji katikati, akaifunika, akafanya hivyo hivyo kwa kila chupa. Kesho yake asubuhi kwenye zulia palitakiwa kuwa na matundu, mahali ambapo virusi vimewapasua bakteria wakafa. Mwenyekiti alikuja mapema, bado ana matumaini. Waliinama pamoja. Zulia lilikuwa zima, halina hata tobo la sindano. Subilaga akachukua sahani ya chupa ya pili, ya tatu, akazimaliza zote kwa zamu. Mazulia yote mazima.

"Labda wameshiba, wamelala," Mwenyekiti alinong'ona.

"Hawakulala, Mwenyekiti. Wameiva."

Hapo ndipo mzee wa watu alipoketi kwenye kiti, aproni yake ingali mwilini, akalia. Alilia kweli, wala hakujificha. Alikuwa anajua hesabu ya mji wake. Vidonge vya zamani, vile ambavyo babu zetu walivimeza kwa kila mafua na kila kikohozi, vilikwisha kufa nguvu. Mafua ni ya virusi, na vidonge vile viliua bakteria tu, lakini nani alijali? Watu walimeza, mafua hayakujali, na bakteria waliokuwa wamekaa kimya tumboni wakapata nafasi ya kujifunza dawa. Wakaijua. Tangu hapo taifodi ilikuja na kila masika, ikachukua watoto. Kilichobaki kuizuia ni virusi vinavyowawinda bakteria wenyewe, vikidondoshwa kwenye maji ya kunywa ya mgonjwa. Na virusi vya Ikowelo vyote vilikuwa vimepikwa kwa tangawizi.

"Masika inaingia," Mwenyekiti alisema, akijifuta kwa aproni. "Na puto la wapasuaji linakuja wiki ijayo kumfungua Bibi Gwantwa, wamtoe mfuko wa nyongo tunakochota virusi. Mama Bupe, kisima hakiwezi kufukiwa wakati mitungi mitupu."

"Najua."

"Twende tukamwambie puto limeharibika. Upepo umelikataa. Atasubiri zamu nyingine, mwakani, mwaka wa keshokutwa. Amesubiri sana, hatashindwa kusubiri tena."

Subilaga alitaka kumkaripia. Lakini alimkumbuka binti yake Bupe, masika ya juzi, mwili unawaka moto, midomo imepasuka, na lile tone kutoka chupa hizo hizo lilivyomrudisha. Akajikuta hajamkaripia.

*

Nyumba ya Bibi Gwantwa ilijengwa na mji, na ilikuwa nyumba nzuri kupita zote: vigae vyekundu, maua, maji ya kwake peke yake. Kila sikukuu aliletewa vitenge vipya. Kwenye mikutano aliketi mbele, na watoto walifundishwa kumwamkia kwa magoti. Aliitwa Kisima. Kwenye mfuko wake wa nyongo waliishi bakteria wa taifodi, hawamdhuru yeye, na pamoja nao virusi vinavyowawinda. Bakteria wakibadili mbinu, virusi navyo vinabadilika, siku nenda siku rudi. Kwa hiyo kila mwezi Subilaga alichota kwake dawa ambayo haijapitwa na wakati, matone machache tu, na akiba ya ghalani ilikuwa imechukua miaka kujaa.

Mkononi Bibi alivaa bangili ya bluu. Akisogelea jiko la watu, au bomba la mtaa, au mlango wa soko la vyakula, bangili ilikuwa inalia. Huyu ndiye mwanamke ambaye zamani, kabla hajapimwa, arusi ya Ikowelo bila ndizi nyama zake haikuhesabiwa kuwa arusi.

"Hodi hodi!"

"Karibu, mwanangu, karibu. Ndiyo kwanza naepua. Karibu chakula."

"Shikamoo, bibi. Ahsante, nimeshiba."

"Marahaba." Bibi alitabasamu, maana walikuwa wameshayasema hayo kila mwezi kwa miaka. Karibu chakula, nimeshiba. Wote wawili walijua kwamba Subilaga alikuja na njaa yake na ataondoka nayo.

Sufuria kubwa ilikuwa imeegemezwa ukutani, imesuguliwa mpaka unajiona uso. Ilikuwa mpya.

"Unaitazama? Ya arusi ya Lugano hiyo. Mjukuu wangu anaoa baada ya masika, na daktari ameniambia nikishatolewa nyongo na vipimo vikirudi safi, wananikata bangili. Nimemwambia Lugano, ukitafuta mpishi mwingine nitakulaani!" Akacheka mwenyewe. "Haya, mbona umekaa upande upande? Puto limefika wapi?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni mwa Subilaga. Upepo, bibi, upepo umelikataa. Maneno machache tu, halafu angeondoka, na Bupe wake angekuwa salama masika hii na ijayo. Alifungua mdomo. Akaitazama ile sufuria. Akamweleza yote, kuanzia mfupa wa Mwenyekiti mpaka zulia zima.

Bibi hakucheka safari hii. "Supu," alisema. "Kwa hiyo mnataka nikae."

"Baraza linataka ukae."

"Na wewe?"

"Mimi nina mtoto, bibi."

"Mimi sina?" Sauti ya Bibi ilipanda mpaka bangili ikatikisika. "Wanangu wameolewa, nikapokelewa mezani kama mgeni wa serikali, sahani yangu pembeni na kijiko changu pembeni! Mjukuu akizaliwa nambusu kisogoni. Mume wangu amekufa hajala mkono wangu miaka na miaka, na alikuwa anautamani, masikini, alikuwa anakuja kunusa mlangoni. Mnanipigia magoti. Nani aliwaambia nataka magoti? Mimi si mtungi, Subilaga!"

Subilaga aliinamisha kichwa. Machozi yalimtoka naye hakuyazuia.

Ndizi zikaanza kupoa. Kisha Bibi alivuta kigoda, sauti imeshuka. "Hebu nieleze kitu. Miaka yote mnanichota, mnasema vijidudu, vijidudu. Wako wawili humu ndani yangu. Ni nani na nani? Au ni mtu na mdogo wake?"

"Hapana, bibi, wala si ndugu. Bakteria ni mtu mwenye nyumba. Ndogo, ya chumba kimoja, lakini ina kuta, ina mlango, ina jiko. Anakula mwenyewe, anakua, akishakua anajigawa wanakuwa wawili. Hamhitaji mtu. Mpe chakula na joto, basi, anaendesha maisha yake."

"Na huyu mwingine?"

"Kirusi ni mgeni asiye na jiko. Ukimfanya bakteria awe mkubwa kama nyumba hii, kirusi ni paka aliyesimama mlangoni. Hali, hapumui, hakui. Ni koti tu, na ndani ya koti kuna karatasi ya mapishi. Mapishi ya kumpika yeye mwenyewe. Akiachwa peke yake chupani anakaa tu. Lakini akikutana na nyumba inayoendana na ufunguo wake, anaingiza ile karatasi ndani, na mwenye nyumba, bila kupenda, anaacha kupika chakula chake anaanza kumpika mgeni. Anapika wageni kumi, hamsini, mia, mpaka nyumba inapasuka. Wanatoka, wanatafuta nyumba nyingine."

"Aa, huyo mgeni hata jembe la siku ya tatu halimtoshi," Bibi alisema. "Kwa hiyo mgeni akikosa mwenye nyumba, hazai."

"Hazai hata kidogo. Ndiyo maana hatuwezi kutunza dawa bila kutunza ugonjwa. Ndiyo maana tunakuhi..."

Subilaga alinyamaza katikati ya neno.

"Tunakuhitaji," Bibi alimmalizia. "Sema tu, nimeshazoea."

"Hapana, bibi, subiri. Mgeni anamhitaji bakteria. Bakteria hakuhitaji wewe. Ana jiko lake." Alisimama, akaketi, akasimama tena. "Miaka yote tumewatia kapu moja, hata mimi niliyesoma. Tumeona kirusi hakiwezi kuishi peke yake, tukadhani na bakteria naye hawezi nje ya mtu. Tulijaribu kumfuga kwenye sahani, ni kweli, na kwenye sahani anavua koti. Virusi vinamtambua kwa lile koti, akilivua havimwoni. Lakini koti analivaa kwa sababu ya nyongo. Na anakaa amejibanza kwenye jiwe. Una mawe kwenye nyongo, bibi, ndiyo maana hakutoka kwako kama alivyotoka kwa wengine."

"Na nyongo imejaa buchani kila asubuhi, wanawatupia mbwa," Bibi alisema taratibu. "Kwa nini hamkuchukua jiwe?"

"Tungelitoa wapi? Liko ndani yako. Haliji mpaka ufunguliwe."

"Basi nifungueni."

"Likifa njiani? Likiwa tupu? Hakuna aliyewahi kufanya hivyo. Tukishakufungua hakuna kurudi, bibi. Tutakuwa hatuna jiwe, hatuna Kisima, hatuna chupa, na mvua iko mlangoni."

Bibi alimtazama. Hakukuwa na hasira tena machoni mwake, palikuwa na uchovu tu. "Sheria inasema siwezi kupanda puto bila kidole gumba chako. Mimi sikuombi huruma, mwanangu. Ningekuwa mama wa Bupe ningeogopa pia. Nakuuliza tu, siku hiyo kidole chako kitakuwa upande gani?"

Subilaga aliaga, akaondoka.

*

Puto lilitua uwanja wa mpira asubuhi ya ukungu, kubwa kuliko kanisa, na chini yake likining'iniza chumba cheupe cha upasuaji. Mji mzima ulikuwa pale. Bibi Gwantwa alikaa kwenye kiti cha mbele, kama kawaida, amevaa kitenge kipya, mikono mapajani. Daktari Shemdoe, mpasuaji, alishuka ngazi na kibao cha kioo cha kuwekea dole gumba.

Mwenyekiti Gwakisa aliongea kwa niaba ya baraza. Aliongea vibaya, maana hakuwa amelala. "Ndugu zangu, kosa ni langu. Nichapeni mimi. Lakini mtoto wa mtu asife kwa supu yangu. Tunamwomba Bibi. Tunamwomba asubiri. Mama Bupe, tunakuomba usiweke kidole."

Wamama walikuwa wanalia. Bupe alikuwa amemshika mama yake sketi, hajui kinachoendelea, anatafuna muwa. Subilaga alimtazama mtoto kichwani, kwenye mistari ya nywele alizomsuka mwenyewe jana.

"Mwenyekiti," alisema, "mimi ni mama kabla sijawa mtunza virusi. Sitaki mnione jasiri, ninatetemeka. Lakini nimeshinda na virusi maisha yangu yote na nitawaambia ninachokijua. Kirusi kinaingia nyumba ya mtu, kinaligeuza jiko lake liwe la kwake, kinamtumikisha mpaka apasuke. Hatukilaumu, hakijui kufanya jingine, hakina hata akili ya kujua kuna mtu humo. Sisi tunajua. Tunamwona pale ameketi. Tumemwamkia asubuhi hii kwa magoti."

Akamwachisha Bupe sketi, akasogea karibu na kibao.

"Jiwe la nyongo yake nitalifuga kwenye nyongo ya ng'ombe, na linaweza kufa. Sikatai. Likifa, tutachemsha kila tone la maji, tutachimba vyoo upya, tutauguzana, na tutakuwa na hofu. Mimi nitakuwa na hofu kuliko nyote. Lakini hofu hiyo ni yetu sote, hatuwezi kumbebesha mtu mmoja kwenye nyongo yake." Akamgeukia Bibi. "Nisamehe, nilichelewa kukujibu."

Akaweka kidole. Kibao kikawaka kijani.

Bibi Gwantwa alipanda ngazi mwenyewe, akakataa kushikwa mkono. Mlangoni akageuka. "Daktari," alisema, na uwanja wote ukasikia, "hilo jiwe mkalitoe kwa adabu. Limekaa na mimi kuliko mume."

Watu wakacheka na machozi yao.

*

Mawe yalikuwa matatu, madogo kama kunde, ya kijani kibichi. Daktari Shemdoe aliyatia kwenye chombo chenye joto la mwili na Subilaga akayabeba kifuani chini ya sweta kama kifaranga mpaka ghalani. Aliyatumbukiza kwenye mtungi wa kioo wenye nyongo ya ng'ombe iliyochujwa, mbali kabisa na maji ya watu, milango miwili na kufuli juu. Kila siku alitoa tone, akaliweka kwenye sahani. Kila asubuhi zulia lilikuwa zima.

Bakteria walikuwapo. Hilo alilijua, mtungi ulikuwa umeshaanza kuwa na ukungu wao. Walikuwa wanakula na kujigawa kama wapangaji waliohamia nyumba ya bure. Lakini virusi? Kimya.

Mwenyekiti alijipa kazi ya kuleta nyongo kutoka buchani. Alifika nayo kwenye ndoo yenye kifuniko, akasimama nje ya mstari mwekundu, hathubutu kuingia.

"Nimeiacha ipoe," alikuwa anasema kila siku. "Nimeipima kwa kiwiko, kama maji ya mtoto. Hebu igusie, Mama Bupe."

"Imepoa, Mwenyekiti."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Na Bibi, kitandani kwake na mshono wake, alikuwa anatuma ujumbe: Jiwe langu limeamkaje?

Mvua ilishuka. Mji ulichemsha maji mpaka kuni zikaadimika. Wiki ya kwanza ikapita salama, ya pili pia. Ya tatu, ndoo ya nyongo haikuja. Subilaga alikwenda kumtazama Mwenyekiti, akamkuta kitandani, macho yameingia ndani, homa imempanda hatua kwa hatua kama mtu anayepanda ngazi, tumbo limevimba. Hakuhitaji kipimo, ingawa alichukua.

"Wageni wako wananilipiza," Mwenyekiti alisema kwa sauti ndogo. "Wana haki."

"Hawajui kulipiza, mzee wangu. Hawa ni bakteria, wageni ni wale wengine."

"Sijawahi kuwaelewa. Mke wangu anasema nilikuwa nawaza tumbo tu." Akafumba macho. "Mama Bupe, usinidondoshee bado. Kama tone likipatikana, watoto kwanza."

"Hakuna mtoto anayeumwa. Ni wewe tu."

"Afadhali," alisema, na alimaanisha.

Subilaga alirudi ghalani huku mvua inamlowesha. Alikuwa anampenda yule mzee, akagundua, pamoja na supu yake. Alichukua bakteria aliowatoa kwa Mwenyekiti, wenyewe hasa, waliotoka tumboni na koti lao, si wale wa sahani waliokwisha kulivua kwa kukaa, akawatandaza kwenye sahani mpya, na juu yao akadondosha tone la mtungi. Safari hii alilipitisha kwenye kichungi mara mbili. Kisha akaenda nyumbani akapika uji, akamlisha Bupe, akamsuka, kwa sababu sahani haiharakishwi.

Alfajiri, kabla hajavua koti la mvua, aliiinua sahani kwenye mwanga wa dirisha.

Tobo. Moja, karibu na ukingo, dogo kama kichwa cha kiberiti, safi. Alisugua kioo kwa kidole, akidhani ni tone la mvua. Halikufutika. Pembeni yake kulikuwa na jingine, na jingine. Wageni walikuwa wamepata nyumba.

Alikaa sakafuni akacheka kama mwendawazimu. Halafu alitumia mbio zote alizokuwa nazo, kwanza kuyachota yale matundu kwa sindano ya kioo, kuyazidisha, kuyachuja, kisha kwenda kwa Mwenyekiti na kichupa kwapani. Njiani alipita kwa Bibi Gwantwa, hakuingia, akapiga kelele dirishani tu.

"Bibi! Jiwe lako limeamka!"

"Limeamkaje?"

"Na wageni!"

Kigelegele alichokipiga yule mama, mwenye mshono tumboni, kilisikika mpaka sokoni.

Mwenyekiti aliungua siku kadhaa bado, maana dawa si uchawi, kisha homa ikaanza kushuka ngazi ile ile iliyopandia. Siku aliyoomba chakula alimwuliza mkewe kama supu ipo. Mkewe alimtazama tu.

*

Vipimo vya Bibi Gwantwa vilirudi safi, vikarudiwa, vikarudi safi tena, mpaka Daktari Shemdoe mwenyewe akasema inatosha. Bangili ilikatwa mbele ya mji. Ilibaki mstari mweupe mkononi, na Bibi alikuwa anausugua kila mara bila kujua.

Arusi ya Lugano ilifika. Sufuria mpya ilikuwa juu ya moto tangu asubuhi, Bibi mwenyewe amekunja kitenge, jasho linamtoka, anawafokea vijana wa kuni, anaonja, anaongeza chumvi. Ndizi, nyama, nazi, ndimu. Harufu ile, waliokuwa wakubwa waliikumbuka wakanyamaza. Wadogo waliuliza ni nini.

Bibi akapakua sahani ya kwanza, akainua uso. Mbele yake mstari wa wageni ulikuwa umesimama, sahani mikononi. Hakuna aliyesogea. Hawakuwa na nia mbaya, jamani. Vipimo walivisoma, wanavijua. Lakini miguu ilikuwa na mazoea yake ya miaka. Mwingine alikohoa, mwingine akajifanya anamtafuta mtoto wake.

"Karibuni chakula," Bibi alisema. Akaisogeza sahani mbele.

Subilaga alikuwa mbele ya mstari. Alisikia ulimi wake mwenyewe ukitangulia, umeshalishika lile neno lake la kila mwezi, nimeshiba, umeshaanza kulisema. Aliuma meno akalimeza. Alitoka mstarini, akapokea sahani kwa mikono miwili, akaketi chini pale pale kwenye majivu ya jiko, akanawa, akamega tonge la kwanza akalitia mdomoni.

Lilimchoma ulimi mpaka machozi yakamtoka.

"Ni ya moto, bibi!"

"Ulitaka mgeni wangu nimpe baridi?"

Nyuma, Mwenyekiti Gwakisa, mwembamba siku hizo kama mti wa kuanikia nguo, aliangua kicheko cha kwanza tangu augue. Wengine wakamfuata, na mstari ukaanza kusukumana.

Subilaga hakugeuka kuwatazama. Alimega tonge la pili, akalipuliza lipoe, akanyoosha mkono.

"Bupe," aliita. "Njoo ule kwa bibi."